Pilau Iliyotangulia Majibu ya Tasnifu

Iko siku moja ya ujana wangu ambayo mpaka leo hainitoki, nayo haihusiani kabisa na chuo kikuu. Nivumilie tu, mwanangu, maana mimi sijui kufika mahali bila kupitia pengine. Nilikuwa utingo wa lori. Tulikuwa tumepakia nazi za kupeleka Voi, na gari likatuharibikia Mackinnon Road jua likiwa utosini, rejeta imekauka kabisa. Dereva wangu, mtu mmoja wa Tiwi, mnene, hasira zake zilikuwa karibu, akanitupia madumu mawili akasema nisirudi bila maji.

Nikauliza dukani. Mwenye duka akanyoosha mkono upande wa reli: "Hapo tu, huwezi kupotea." Nikaenda, hamna kitu. Nikamwuliza mwingine, huyu akanicheka kwanza, kisha akanielekeza nyuma ya stesheni kwa sauti ya mtu aliyekichimba kisima kwa mikono yake. Nikaenda, hamna kitu. Mwisho nikamkuta mama mmoja anauza ndizi. Akaniambia, "Mimi si mtu wa hapa, mwanangu, kisima sikijui. Lakini tangu asubuhi nawaona watu wanatokea kule kwenye mkwaju, na ndoo zao zina matope mabichi chini." Nikafuata matope, nikapata maji.

Dereva alinigombeza kwa kuchelewa, na chai hakuninunulia. Yule mtu alikuja kuoa kwa jirani zetu baadaye, lakini ukinianzisha hapo hatutamaliza leo.

Yale niliyakumbuka juzi uliponipigia simu. Ulikuwa unanong'ona, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa wenyewe amshike kidogo. Ukaniambia chuo kimekuletea tasnifu za wanafunzi wa uzamili, uzisome na kuzipima. "Babu," ukasema, "nitajuaje iliyo nzuri?" Kisha ukacheka, kwa sababu unajua babu yako aliishia darasa la nne. Mimi sikucheka. Wewe hujui kwamba nimewahi kusoma tasnifu nzima, kwa sauti, kutoka jalada mpaka jalada, na baadhi ya kurasa nikazirudia mpaka koo likakauka. Sikuwa na ruhusa ya kusema. Sasa yameshapita, na binti aliyeiandika amenipa idhini, ndiyo nakuandikia.

Nyuma ya Kona ya Musa, hapa kwetu Ukunda, ukiacha kelele za makanga wa matatu ukaingia ndani kwenye ile njia ya mchanga, aliishi mzee mmoja Mkamba, Mwalimu Nzioka. Alikuwa amefundisha Kiswahili chuo kikuu maisha yake yote, na alipostaafu akanunua kiwanja huku kwetu, akisema amechoka kufundisha lugha ya watu anaowaona likizo tu. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Mimi mwenyeji nilikuwa nikijikuta nanyoosha maneno mbele yake, kama mtu anayevuta shati kwenye suruali. Nilikuwa nampelekea madafu, naye ananiweka barazani kwa mazungumzo. Ndio urafiki wetu ulivyoanza, na haukuwa na makuu.

Vyuo havikumwacha astaafu. Viliendelea kumletea tasnifu kama mtahini wa nje, yaani mtu ambaye hakumfundisha mwanafunzi wala hamjui, anayeletewa kazi aipime bila kumwonea mtu haya. Mwaka ule alipasuliwa macho kuondolewa mtoto wa jicho, na daktari akamkataza kusoma mpaka apone. Na mzigo wa chuo ukaja wakati uleule. Iliyouleta ni pikipiki, na mwenye pikipiki ni kijana wa Munje, kule kijiji cha wavuvi, Juma.

"Mzee, weka sahihi hapa," akamwambia.

"Hapa ni wapi, nami nimefungwa macho?"

"Basi weka popote, mradi kalamu iguse karatasi."

Juma alipoondoka, Mwalimu akaniambia, "Ndugu yangu, nikopeshe macho. Nisomee mimi nisikilize." Nikafungua bahasha. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina, nami nikanyamaza.

"Mbona kimya?"

"Mwalimu, huyu namjua. Ni Mwanasha, binti wa Bi Mwanatumu wa Munje. Yule mama karanga." Mama karanga, usije ukasahau huko ulikokaa, ni wale wanawake wanaonunua samaki kwa wavuvi pale pale ufukweni, wanawakaanga na kuwauza. "Huyu kijana aliyeleta mzigo ni kaka yake."

"Ni ndugu zako?"

"Si wa damu. Ila huku kwetu..."

"Huku kwenu nakujua. Kila mtu ni shangazi wa mtu." Akafikiri. "Mimi simjui, naye hanijui. Nawe si mtahini, ni macho tu. Macho yanaona, hayasemi kitu njiani wala msikitini. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Lakini moyoni nilikuwa na mzigo, kwa sababu nilijua lililokuwa nyuma ya karatasi zile. Mwanasha alikuwa ameshamaliza miaka yake yote ya kuruhusiwa. Alizaa katikati, akauguliwa na baba mpaka akamzika, akachelewa. Chuo kilimwambia hii ndiyo mara ya mwisho: ikikataliwa, jina lake linafutwa. Ikipita, nafasi ya kufundisha ilikuwa inamsubiri. Habari hizo alinipa mama yake mwenyewe, huku akinigeuzia samaki kwenye mafuta.

Basi nikaanza kusoma. Mwalimu hakutaka nianze mwanzo nifuate mpaka mwisho kama watu wanavyosoma. Akasema, "Nisomee swali lake la utafiti." Nikasoma. Mwanasha alitaka kujua wavuvi na mama karanga wanatumia lugha gani kupatana bei. Akasema, "Ruka. Nisomee hitimisho."

"Mbona unaruka? Hata khutba ina mpango wake."

"Nataka kuona kama aliyetoka nyumbani ndiye aliyefika."

Nikaruka. Halafu akanirudisha sura ya pili, ile wanayoeleza wasomi waliotangulia wamesema nini. Ewe mwanangu! Fulani anadai hivi. Fulani anaeleza vile. Fulani akinukuliwa na fulani anasisitiza. Nilisoma majina ya watu mpaka nikajiona niko arusini natangaza waliotoa zawadi. Sentensi zilikuwa ndefu, pumzi inaniishia katikati sijaona nukta. Nikadhani ndio usomi wenyewe, nikasoma kwa heshima. Mwalimu akainua mkono.

"Wote hao wamesema. Yeye mwenyewe yuko wapi?"

Nikatazama ukurasa, kana kwamba ningemwona amekaa pembeni. Hakuwemo. "Hayumo, Mwalimu."

"Aliogopa. Mtu akiogopa hujificha nyuma ya watu wakubwa. Endelea."

Tukaingia sura ya nne, na hapo mambo yakabadilika. Ulimi wangu ukawa unateleza wenyewe. Mwanasha alikuwa ameandika mazungumzo ya ufukweni kama yalivyotamkwa. Mvuvi anasema, "Changu hawa wametoka majini sasa hivi." Mama karanga anajibu, "Mbona macho yao yamechoka kuliko ya mume wangu?" Mvuvi anasema, "Mumeo amechoka kwa maneno yako, samaki hawa hawajakusikia bado." Mwalimu alicheka mpaka kile kikinga cha jicho kikalegea, nikamwambia atulie asije akamlaumu daktari bure. Na baada ya mazungumzo, binti anaeleza kwa sentensi fupi zenye nukta: kwamba huo utani ndio unaoishusha bei kabla mtu hajataja shilingi, na kwamba wanataniana ili kesho waweze kusalimiana, kwa sababu ni jirani na wakwe. Mimi nimenunua samaki pale tangu ujana, nikicheka na wao, na jambo hilo lilikuwa mbele ya pua yangu siku zote. Sikuwa nimeliona.

"Hapa yupo," Mwalimu akasema. "Rudia hapo." Nikarudia.

Lakini sura ya mwisho ikaja na kusema kwamba imedhihirika wazi kuwa wanawake wote wa Pwani hupatana bei kwa namna hiyo.

"Simama. Alikwenda bandari ngapi?"

Nikarudi nyuma kutafuta. "Munje peke yake."

"Hao wote wa Pwani walikuja Munje lini?"

 Akaegemea kiti. Nami nikasema lililokuwa likinikereketa. Nikamwambia, "Mwalimu, mpitishe tu. Mtoto wa watu amehangaika. Ametunza mgonjwa na mtoto mchanga huku anaandika. Huyo atakayekwenda kukagua habari ya wote wa Pwani ni nani?"

Mwanangu, sijawahi kugombezwa taratibu namna ile. Hakupandisha sauti. Akasema, "Ndugu yangu, unamwonea huruma kwenye karatasi. Siku atakapokuwa mbele ya wanafunzi wake, mmoja amnyooshee kidole amwulize 'Bi mwalimu, hili ulilijuaje?', mimi na wewe hatutakuwepo kumwonea huruma. Ananiletea sura moja aliyoandika kwa macho yake, na sura mbili alizoandika kwa hofu. Nikimpitishia zote sawa, nimemwambia hofu na macho ni kitu kimoja. Hiyo ndiyo huruma yako?"

 Nilikasirika kidogo, nakwambia kweli. Nikaenda zangu nyumbani bila kumaliza dafu.

Kesho yake ndipo lilipotokea lile la pilau. Mimi sikusema kwa mtu, lakini Juma alikuwa amesoma bahasha aliyoibeba. Jina la chuo juu, na jina la Mwalimu chini. Naye alijua dada yake ameshawasilisha kazi yake huko, basi akalipeleka neno kwa mama yake. Na Bi Mwanatumu akafanya lile ambalo mama yeyote wa huku angelifanya. Unajua desturi: mtoto akikhitimu msahafu chuoni, yaani madrasa, wazazi humpelekea mwalimu wake sinia, kwa taadhima, ili amwombee mtoto dua na radhi. Yeye kwake chuo ni chuo. Akaja na sinia kichwani, limefunikwa kawa, juu yake leso mpya iliyokunjwa, na harufu ya pilau imemtangulia getini.

"Hodi hapa!"

"Karibu," Mwalimu akaitikia. Akavuta pumzi puani. "Nani huyo aliyekuja na bizari?"

"Shikamoo, mwalimu. Mimi Mwanatumu, mama yake Mwanasha. Tumesikia unamsomea mtoto wetu. Hatukuja kwa neno, tumekuja kwa shukrani. Mle, mumwombee."

Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Angekila kile chakula, Mwalimu asingeweza tena kuwa mtahini wa nje. Ingembidi kukiarifu chuo kimtafute mwingine, na mwingine akipatikana muda wa Mwanasha umeshakwisha. Na kukirudisha, mwanangu, kurudisha sinia la mtu mlangoni, huku kwetu ni kumwambia nyumba yake si safi. Bi Mwanatumu hayo ya kwanza hakuyajua hata kidogo. Alisimama pale anatabasamu, jasho linamtoka chini ya buibui.

"Bi Mwanatumu," Mwalimu akasema polepole, "kwenu sinia huletwa mtoto akishakhitimu, au kabla?"

"Akishakhitimu."

"Na wako amekhitimu?"

Bi Mwanatumu si mjinga. Tabasamu likamtoka usoni kidogo kidogo, kisha akashika kifua. "Yarabi. Nimemharibia?"

"Hujamharibia. Ila nikila, sitaweza kumpima. Nisipokula, nimekukosea adabu nawe ni mgeni wangu. Nami sioni, hata pa kukimbilia sipajui."

  Kisha mama wa watu akaweka sinia juu ya mkeka, akakunja buibui, akaketi. "Basi kaka," akaniambia mimi, "wewe hupimi mtu. Nawa mikono. Mimi na wewe tutakula, na mwalimu atavuta harufu."

"Huo ni ukatili," Mwalimu akasema.

"Ni wewe umeutaka. Una chakula gani huko ndani?"

"Muthokoi." Yale mahindi yao ya kukobolewa na maharage.

"Maskini!" Bi Mwanatumu akasema, na hiyo maskini ilitoka moyoni kabisa. Akaingia jikoni mwenyewe, akampashia muthokoi wake, akamwekea mkononi. Tukala watu watatu, sisi pilau, yeye mahindi yake, na kila nikitafuna mnofu yeye ananiuliza, "Hiyo ni nyama ya mbuzi au ya ng'ombe?" nami namjibu kwa ukamilifu. Leso ilirudi Munje na mwenyewe. Wakati wa kuaga, Mwalimu akamwambia kwamba kwenye ripoti ataandika kuwa mama alikuja na chakula, na kwamba yeye hakula. "Lazima niandike. Si kwa ubaya."

"Andika," Bi Mwanatumu akasema. "Na uandike kilikuwa kitamu."

Ripoti aliisema kwenye simu, sauti ikarekodiwa, na mpwa wake akaipiga chapa. Hakusema afeli, wala hakusema apite. Alisema sura ya nne ni kazi ya msomi, isiguswe. Sura ya pili iandikwe upya, na mwandishi mwenyewe aonekane ndani yake. Hitimisho lirudi Munje likae huko. Chini kabisa akaongeza swali moja: mtafiti alikuwa wapi mazungumzo haya yakitokea, na kwa nini walikubali kuyasema mbele yake? Chuo kikampa Mwanasha miezi michache ya masahihisho na siku ya kuitetea kazi yake. Nilikutana naye stendi ya matatu akiwa amekonda, macho mekundu. Hakunisalimia vizuri. Nikamwelewa, lakini iliniuma.

Siku ya utetezi nilimpeleka Mwalimu chuoni kwa mkono, maana jicho moja lilikuwa bado halijatulia. Chumba kilikuwa na meza ndefu na watahini, na nyuma viti vya wasikilizaji. Bi Mwanatumu alikuwa hapo, nikaketi karibu naye. Mwanasha akaeleza kazi yake. Wakamwuliza haya na yale, akajibu. Zamu ya Mwalimu Nzioka ilipofika, akauliza lile lile.

"Kwa nini walikubali kusema hivyo mbele yako?"

Binti akainamisha kichwa. Nikaona anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. Kwenye ile kazi mpya pia alikuwa hajalijibu vizuri. Alikuwa ameandika maneno makubwa juu ya uhusiano wa mtafiti na jamii, akapita pembeni.

"Kwa sababu mimi ni mtoto wao," akasema mwisho. "Mama yangu ni mama karanga. Yule wa tatu katika sura ya nne ni yeye."

Bi Mwanatumu akanishika mkono. "Ananitaja mimi?"

"Anakutaja wewe. Nyamaza."

Mtahini mwingine akalirukia neno lile kama paka. "Basi utafiti wako una upendeleo!"

"Inawezekana," Mwanasha akasema. Sauti ilikuwa inatetemeka lakini ilikuwa yake. "Sijui wangesemaje mbele ya mgeni. Najua walivyosema mbele yangu. Sikuliandika kwa sababu niliogopa. Nilidhani msomi hapaswi kuwa na mama."



Hapa nisimame kidogo, mwanangu, nikupe lako, kwa sababu ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tasnifu zikifika mezani kwako, usitishwe na unene wake wala majina yaliyomo. Tafuta mwenyewe yuko wapi. Tazama alichouliza na alichojibu kama ni kitu kimoja. Akisema jambo, mwulize alilionea wapi, na akisema zaidi ya alivyoona, mrudishe alikosimama, kwa upole, lakini mrudishe. Anapokiri hajui, usimpige. Huyo ndiye wa kuaminiwa kwa anayosema anayajua. Isome kwa sauti hata kama uko peke yako, ulimi utakuonyesha alipoogopa na alipoona. Penye uzuri, sema ni pazuri, usitaje makosa tu kama mkaguzi wa gari. Usile chakula cha mtu kabla ya majibu, na ukilazimika kukikataa, kaa naye chini, usimwache amesimama mlangoni na sinia lake. Na kumbuka nyuma ya zile karatasi kuna mtu aliyeziandika mtoto akilia. Hilo lisikufanye umpunguzie kazi, likufanye uisome mpaka ukurasa wa mwisho.

Mungu akupe macho ya kuona na kifua cha kutunza siri za watu. Akuepushe na kiburi cha aliyesoma na uvivu wa aliyechoka. Waliokuzaa wakufurahie, utakaowapima wakuombee dua hata uliowarudishia kazi, na mimi babu yako nakuwia radhi, leo na siku nitakapokuwa sipo.

Basi Mwanasha aliposema vile, Mwalimu Nzioka akageuza uso kwa mwenyekiti. "Liandikwe hivyo hivyo, ukurasa wa kwanza, kama alivyolitamka," akasema. "Kwangu mimi amepita." Akapapasa fimbo yake, akainuka. Nikataka kumshika mkono, akanizuia kwa kiganja, akaufuata ule mwanga wa mlangoni mwenyewe, akatoka. Mwenyekiti akasema tumngoje kidogo, pengine amekwenda msalani. Tukangoja. Wale wengine nao wakasema amepita, vigelegele vikapigwa, watu wakakumbatiana, nami bado natazama mlango. Baadaye tukasikia kwamba binti wa Mwalimu alikuwa anamsubiri nje na gari, amchukue akamtunze macho, wakashika njia ya kwao Ukambani. Hakurudi chumbani, na Ukunda hakurudi tena.